Dexter: miguu mifupi au mirefu, kwa maonyesho na kwa kuzalisha?

Mtamba Mwekundu: Wanaowajua Dexter, ng'ombe wadogo wa Ireland, naomba ulinganisho. Zizi lina majike sita, manne miguu mifupi, mawili miguu mirefu. Lengo ni maonyesho ya Uingereza. Dume awe wa aina gani?

Kipimo: Kwanza hakikisha hayo manne ni mafupi kweli. Kimo peke yake hakitoshi. Kiwango cha Marekani kwa ng'ombe wa miaka mitatu ni sm 91 hadi 107 begani kwa jike, sm 97 hadi 112 kwa dume, na aina zote mbili huingia humo. Mwenye jeni ya ufupi mtazame chini ya goti la mbele: mfupa ni mfupi na mnene, kifua kimeshuka karibu na ardhi. Asiye nayo anaweza kuwa mdogo vilevile, ila kina cha kifua na urefu wa mguu hukaribiana.

Kumaliza ubishi, pima DNA. Kasoro inayoleta ufupi iko kwenye jeni ya ACAN, ilitambuliwa mwaka 2007. Ng'oa nywele 30 hivi za ncha ya mkia pamoja na mizizi, ziwe kavu na bila kinyesi, tia kwenye bahasha ya karatasi. Ukikata kwa mkasi umepoteza sampuli, kwa sababu DNA inatolewa kwenye mzizi.

Mkunga wa Ndama: Kupandisha mfupi kwa mfupi, hapana. Kila mimba ina nafasi moja kwa nne ya kurithi jeni ya ufupi kwa wazazi wote wawili na kuwa "bulldog", ndama asiyeishi: vijiguu kama vifundo, pua imebonyea, ulimi nje, mara nyingi matumbo yametoka kitovuni. Kwa kawaida mimba hutoka kabla ya mwezi wa saba. Unabaki na kondo la nyuma lililogoma, jike anayechelewa kurudi kwenye joto, na maziwa ya msimu yamekwenda.

Tena hupati faida yoyote. Chukua mimba 100. Mfupi kwa mfupi: wafupi 50, warefu 25, wafu 25. Mfupi kwa mrefu: wafupi 50, warefu 50. Wafupi ni walewale! Na anayejitetea kuwa jike wake kazaa mara nne salama, bahati hiyo humwangukia mtu karibu mara 32 kwa 100.

Ringini: Kwa upande wa uamuzi, soma ratiba ya maonyesho kabla ya kujiandikisha. Kama madaraja hayakutenganishwa, mwamuzi analazimika kulinganisha maumbo mawili tofauti, na mfupi huvuta macho kwa kuwa anaonekana mzito na wa kipekee. Mwamuzi makini humtembeza kwanza. Mfupi huangushwa na miguu ya mbele iliyopinda, magoti yanayogusana, na kiwele kinachoning'inia karibu na ardhi hadi chuchu zinachubuka. Mrefu huangushwa na kifua chembamba, mbavu bapa na mapaja makavu. Huyo amepoteza nyama, na Dexter ni wa maziwa na nyama.

Kipimo: Ongeza makosa ya kupima. Simamisha ng'ombe kwenye zege tambarare, miguu minne wima, kichwa usawa wa mgongo, fimbo iwe na pima maji. Kwato zisizopunguzwa humwongezea kimo, nyasi laini humpunguzia.

Ringini: Kweli, ila sentimita moja haishindi mwendo mzuri. Nisingemnyima nafasi mrefu mwenye mwili kamili.

Mtamba Mwekundu: Kwa hiyo dume mrefu kwa wote sita?

Mkunga wa Ndama: Ndiyo, mwenye cheti cha DNA kwamba hana jeni ya ufupi. Majike manne yatakupa nusu wafupi kwa wastani, bila bulldog. Mawili marefu hayatatoa mfupi kamwe kwa dume huyo. Ukitaka wafupi kwao, tumia mbegu ya dume mfupi kwa uhimilishaji. Dume mfupi akipanda mwenyewe hushindwa kuwafikia majike marefu, labda jike asimame upande wa chini wa mteremko.

Na dume huyo mpime PHA vilevile, ugonjwa mwingine wa kurithi. Hiyo haihusiani na miguu: mapafu ya ndama hayakui, mwili unajaa maji, jike anaweza kukwama wakati wa kuzaa. Dume asiye na jeni ya ufupi anaweza bado kubeba jeni ya PHA, kwa hiyo omba vyeti viwili kabla ya kulipia.