Naomba ushauri: ile sifuri ya mwisho kwenye mbinu ya wanahisabati Lucas na Lehmer inathibitishaje kwamba namba ni tasa?

Habarini wakuu. Kuna hii namba 2^136279841 − 1, Oktoba 2024 ilitangazwa kuwa namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, ina tarakimu 41,024,320, hata kuiprinti ni ukichaa. Mimi ukubwa haunisumbui, shida yangu ni hii mbinu ya Lucas na Lehmer ya kuhakiki bila kutafuta vigawanyo kimoja kimoja. Unaanza na 4, unazidisha kwa yenyewe unatoa 2, unachukua baki baada ya kugawa kwa namba unayoihakiki, unarudia; ukiishia 0 namba ni tasa. Nikajaribu na 31 ambayo ni 2^5 − 1 nikapata 4, 14, 8 halafu 0, safi kabisa, ila kwenye 2^11 − 1 yaani 2047 inaishia 1736, na kweli 2047 ni 23 mara 89 japo 11 yenyewe ni tasa (hii ilinishangaza kidogo). Sasa hesabu inakubali ila sababu ndo siioni, hiyo sifuri inazuiaje kigawanyo kingine kisiwepo?

Hesabu zangu zimeishia advansi. Nianze na hesabu za baki au niingie moja kwa moja kwenye nadharia ya makundi (group theory)? Na nyie mnaoandika programu kwa Python, namba ndefu hivi mnazizidishaje bila laptopu kuganda?