Ushauri: mashine ya kumnyanyulia Mama mwenye kilo zaidi ya 150, tupo Mtwara

Bint_Mikindani
Habari za jioni wanajukwaa. Mama alipata kiharusi, upande wa kulia hauna nguvu kabisa. Ana mwili mkubwa, mizani ya hospitali iliishia 150 naye akaipita. Tunamwinua watu wanne kwa shuka, na juzi kaka ameumia kiuno. Sasa Mama anakataa maji ili asituombe kumpeleka chooni. Hilo linaniuma kuliko yote.

Tumepata mashine mbili za mtumba Dar: ya kupampu kwa mkono, imeandikwa kilo 180, na ya betri, kilo 250, ila bei yake imechangamka. Fundi wa mtaani anasema tufunge cheni bloki kwenye kenchi, eti inabeba tani. Tufanye lipi?

Muuguzi_Kusini
Pole sana dada, mfikishie Mama pole zangu. La fundi liacheni kabisa. Kenchi zimepigwa zishike bati, hazikupigwa zining'inize mtu.

Usinunue kabla hujajua uzito wake. Halafu kagua kila kipande: mashine, chuma cha kutundikia, kitambaa cha kumbebea. Kila kimoja kina kilo zake, na chenye kilo ndogo ndicho kinachoamua. Mashine ya 250 yenye kitambaa cha 160 ni mashine ya 160. Kitambaa cha mtumba kisicho na lebo, au chenye mshono ulioanza kuachia, usikitumie. Na kisifuliwe kwa jiki, inakula nyuzi.

Mzee_wa_Shangani
Binti yangu, kwenye maghala ya korosho kuna mizani ya jukwaa. Ombeni iletwe nyumbani, Mama apimwe ndani kwa staha akiwa kwenye kiti, kisha mtoe uzito wa kiti. Na hewa yetu ya bahari inakula chuma, chungulieni kutu kwenye maungio na vigurudumu.

Fizio_Lindi
Nakazia: pima uwazi chini ya kitanda. Miguu ya mashine lazima iingie humo, nyingi zinahitaji sentimita 12 hivi. Kiti cha magurudumu nacho kiangalieni, vingi vya kawaida huishia kilo 100 hadi 120.

Akizidi 170 mimi nisingegusa ile ya 180, mnahitaji nafasi ya kutosha juu ya uzito wake. Ya betri mwulizeni muuzaji namna ya kumshusha mgonjwa kwa mkono umeme ukikatika na chaji ikiisha. Siku ya kuitumia muwe wawili. Mnyanyueni kidogo tu juu ya godoro, simameni, kagueni vitanzi vyote vya kitambaa, ndipo mmsogeze. Msimvushe vizingiti akiwa ananing'inia, kiti kisogezwe kitandani.

Bint_Mikindani
Asanteni mno. Kitanda ni cha mninga, ubao wa pembeni unakaribia sakafu, hata kiatu hakipiti!

Fizio_Lindi
Seremala akuchongee vitalu vinne vipana vyenye shimo la kukaa mguu wa kitanda. Kiinuliwe Mama akiwa hayupo juu yake.

Bint_Mikindani
Sawa. Kaka mdogo yuko Dar, hatalipa hadi anipigie picha ya lebo ya kitambaa. Na hili la maji?

Muuguzi_Kusini
Kama anameza vizuri, anywe kama kawaida, asikae na kiu hadi mashine ifike. Kwa sasa tumieni bedpani, chombo cha kujisaidia akiwa kitandani: mgeuzeni ubavu, watu wawili kila upande, bila kumnyanyua. Na anayemsafisha awe mtu ambaye Mama mwenyewe amemchagua.