Miaka 54 ya kusubiri, tukapewa muziki wa kunakili: Mary Poppins Returns imenikera

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila ukifunguliwa uzi wa filamu za familia humu, lazima atokee mtu aseme muziki wa Mary Poppins Returns, yaani mwendelezo wa Mary Poppins, ile filamu ya Disney ya yaya wa kichawi, umeufikia ule wa filamu ya kwanza. Haujaufikia, na leo nataka tuuchambue wimbo kwa wimbo, maana jambo hili linaniuma kweli.

Ya kwanza ilitoka 1964. Nyimbo ziliandikwa na ndugu wawili, Richard na Robert Sherman, Irwin Kostal akazipangia okestra, na wale ndugu wakaondoka na Oscar mbili: ya muziki, na ya wimbo "Chim Chim Cher-ee". Ya pili ikaja Desemba 2018. Watoto walioiona ya kwanza ukumbini walikuwa wameshapata wajukuu. Kazi akapewa Marc Shaiman, akisaidiana na Scott Wittman kwenye maneno ya nyimbo. Shaiman ni fundi, na amesema waziwazi kwamba amekua na santuri ile ya 1964. Ana mapenzi, ana okestra kubwa, ana pesa ya Disney nyuma yake. Kwa hiyo hakuna kisingizio.

Walichofanya ni kuipitia filamu ya zamani, wakatazama kila mahali palipokuwa na wimbo, wakaweka palepale wimbo mwingine wa kazi ileile. Zamani watoto walihimizwa kusafisha chumba chao kwa "A Spoonful of Sugar", sasa wanaogeshwa kwa "Can You Imagine That?". Zamani waliingia ndani ya mchoro wa chaki wakakuta pengwini. Sasa wanaingia ndani ya bakuli la kauri na wanakuta pengwini. Zamani mjomba Albert alielea darini kwa kucheka. Sasa binamu Topsy, yaani Meryl Streep, anaimba nyumba ikiwa imepinduka juu chini, halafu haonekani tena mpaka filamu inaisha. Wimbo wa kulala upo. Wimbo wa wafanyakazi wa mtaani wakicheza usiku upo. Wa kuruka angani mwishoni upo. Ukiwa unaijua ya kwanza, unakaa hapo unajua kabisa kinachofuata. Hiyo ni heshima gani kwa wale ndugu wawili, ambao wao hawakuwa na kielelezo cha kunakili?

Chukueni "Step in Time". Wasafisha dohani wako juu ya mapaa ya London. Wimbo wenyewe karibu hauna maneno: mstari mmoja unarudiwa, kila mzunguko agizo linabadilika, wacheze hivi, waruke vile, na kasi inapanda. (Lile neno la kibaguzi analowatupia jirani yao Admiral Boom silitetei hata kidogo, nazungumzia muziki.) Nguvu yake yote iko kwenye kurudia. Okestra inaongeza ala kidogo kidogo, nawe kwenye kiti mguu unaanza kupiga sakafu bila kuambiwa.

Sasa nendeni kwa "Trip a Little Light Fantastic". Lin-Manuel Miranda na wawasha taa wenzake, wana ngazi, wana nguzo za taa, wana baiskeli. Wacheza dansi wamejituma, sina neno nao. Lakini wimbo umejaa mambo. Kila unapotaka kushika kasi, unasimamishwa ili tufundishwe lugha ya mtaani ya wawasha taa, kisha unaanzishwa tena. Melodi inapambwa mpaka huioni. Dakika zote zile, na ukitoka hapo huwezi kumwimbia mwenzako mstari mmoja. Kelele ni nyingi, wimbo haupo.

Ila kinachonikera zaidi ni ule wa mwisho. "Let's Go Fly a Kite" ya 1964 inakuja baada ya baba kufukuzwa kazi benki. Mtu mkali, aliyeishi kwa saa na hesabu, anarudi nyumbani na tiara ya watoto aliyoiunga kwa mikono yake, anaanza kuimba kwa mwendo wa waltz, taratibu, sauti yake si ya mwimbaji. Wimbo ndio unaotuambia mtu huyu amebadilika. Uondoe, hadithi haina mwisho. Katika ya 2018, "Nowhere to Go But Up" inaanza wakati nyumba ya familia, iliyotaka kuchukuliwa na benki kwa deni, imeshaokolewa, na deni limeshapata majibu. Angela Lansbury anagawa maputo, watu wanapaa, okestra inapiga kwa nguvu zote, na hakuna kilichobaki cha kutatuliwa. Tunafurahishwa kwa lazima.

Na msiniambie kwamba Shaiman hakuwa na uwezo wa kufanya vingine, maana uthibitisho umo humohumo ndani ya filamu. Mwanzoni Michael Banks, ambaye sasa ni baba wa watoto watatu, yuko darini anatafuta hati zitakazookoa nyumba. Mkewe Kate amefariki. Ben Whishaw, anayemwigiza Michael, anaanza kuongea na marehemu mkewe, na yale maongezi yanageuka wimbo, "A Conversation". Nusu anasema, nusu anaimba, sauti inatetemeka, okestra imejishusha chini yake. Wimbo ule hauna ndugu yake katika filamu ya 1964. Haukuchukua nafasi ya chochote. Ni muziki mpya kwa huzuni mpya, ya mtu mzima aliyekuwa mtoto katika ile ya kwanza. Nilipousikia nilikaa vizuri kwenye kiti, nikajua sasa tunaanza. Kumbe ndiyo ilikuwa imeisha. "The Place Where Lost Things Go" unaukaribia, na naukubali, hasa pale watoto wanapomrudishia baba yao. Baada ya hapo ni kazi ya kunakili.

Halafu muziki wa nyuma. Hakuna hata wimbo mmoja wa zamani unaoimbwa kamili, lakini vipande vya melodi zake vinachomekwa kwenye okestra hapa na pale, sekunde chache, kisha vinaondolewa. Wanajua fika mtu atalengwalenga na machozi. Machozi hayo ni ya akina Sherman! Kama mnauamini muziki wenu mpya, uacheni wenyewe ututoe machozi. Kama hamuuamini, basi leteni nyimbo za zamani ziimbwe mbele ya watu, Dick Van Dyke mwenyewe, aliyeimba katika ile ya kwanza, mnaye hapo, yuko na miaka zaidi ya 90 na anacheza juu ya meza!

Filamu ikateuliwa Oscar ya muziki na ya wimbo, ikakosa zote. Ya muziki ilikwenda kwa Ludwig Göransson na Black Panther. Huyu alipopewa kazi alifunga safari hadi Senegal, akazunguka na mwanamuziki wa huko Baaba Maal, akarudi na tama, ile ngoma inayosema, akaifanya iwe sauti ya mfalme wa filamu hiyo. Nayo ni filamu ya Disney hiyohiyo, ya mwaka uleule. Kwa hiyo pesa haikuwa tatizo, wala muda. Pale mtu aliruhusiwa kutafuta. Huku watu waliogopa.

Na wale wa "ni filamu ya watoto, acha kukaza", naomba mtuheshimu. Muziki wa 1964 ulikuwa wa watoto pia, na "Feed the Birds", bibi mmoja ameketi kwenye ngazi za kanisa kuu la St Paul's, London, akiuza chakula cha ndege, haukuwadharau watoto hata nukta moja.

Anayebisha asiniletee orodha ya tuzo alizoteuliwa Shaiman. Sikiliza "Step in Time", kisha hapohapo "Trip a Little Light Fantastic", zima, subiri nusu saa, halafu uje hapa uandike ni upi bado uko kichwani.