Nyumba ya vyumba viwili Bamburi kwa wageni wa siku mbili tatu: hesabu ya dalali inanitia shaka

BintiKisauni

Salaam jamani. Mimi mtoto wa Kisauni, Mombasa, kwa sasa niko Doha, nafanya kazi hotelini upande wa usafi wa vyumba. Nina akiba kidogo na Sacco wako tayari kuniongezea. Dalali amenionyesha nyumba ya vyumba viwili Bamburi, ghorofa ya sita, bahari unaiona ukisimama pembeni kabisa mwa roshani. Bei shilingi milioni 8.5. Anasema nikiipamba na kuiweka Airbnb nitapata wageni siku 25 kwa mwezi, 7,000 kwa usiku, yaani 175,000 kila mwezi. Dadangu yuko nyumbani hana kazi, angeisimamia yeye. Mama naye anashikilia ninunue shamba Kilifi. Nataka kusikia walioko ndani ya kazi hii. Mgekuwa nyinyi, mngeweka wageni au mpangaji wa kawaida?

Kev_Majumba

Dada usitishwe na watu. Desemba watu wa Nairobi wakishuka na treni pale Miritini, nyumba huku hazitoshi. Mteja wangu alijaza mpaka katikati ya Januari. Lipa arubuni mapema, nyumba za ghorofa za juu huwa zinaisha haraka. Nikijua ni jengo gani naweza kukuulizia, nadhani zimebaki mbili.

MamaSalma_Bamburi

Kev, hujui ni jengo gani lakini unajua zimebaki mbili. Haya.

Binti, mimi ninazo mbili hapa Bamburi, moja ya wageni na moja ya mpangaji, kwa hiyo swali lako naliishi kila mwezi. Desemba hata banda la kuku huku lina mgeni. Pasaka pia, na Agosti shule zikifungwa. Usiniulize Desemba, niulize Mei. Masika imekaa, kusi inavuma, ufuo umejaa mwani, na simu hailii. Mei ukipata wageni wikendi mbili, shukuru. Na kuna miaka isiyo na msimu wowote: Aprili 2020 serikali ilifunga kuingia na kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi, na sisi wa Mombasa hatukufunguliwa hadi Julai. Mkopo wa Sacco hauulizi corona.

Sasa tupige hesabu ya kwangu, si ya Kev. Ukichanganya miezi minene na myembamba, chukua usiku 15 kwa mwezi, na bei chukua 5,500 kwa sababu Mei hakuna atakayekupa 7,000. Hiyo ni 82,500. Msimamizi anachukua asilimia 20, kwa hiyo 16,500 imekwenda. Ada ya jengo (lifti, askari, jenereta, bwawa) weka 12,000. Stima 13,000, maana mgeni akilipa anaona AC ni haki yake, anaiacha inawaka na kwenda zake Haller Park. Usafi na dobi 9,000. Intaneti 3,000. Gesi, sabuni, maji ya kunywa 4,000. Matengenezo 6,000, na hapo nimekuhurumia. Umebaki na 19,000, kodi ya serikali bado.

Mpangaji wangu analipa 45,000, nyumba haina hata kijiko changu. Natoa ada ya jengo 12,000, natoa ile asilimia 7.5 ya kodi ya pango inayotozwa tangu Januari 2024, yaani 3,375. Nabaki na 29,625 na usiku nalala.

Utaniuliza basi kwa nini ninayo ya wageni. Kwa sababu naisimamia mwenyewe, nakaa jengo la pili, ile asilimia 20 inabaki mkobani. Na wageni wangu wengi ni wa harusi, hawatoki kwenye mtandao, wananijua. Booking.com peke yake huchukua karibu asilimia 15.

Hao wa harusi nao wana mambo yao. Anakodi kwa watu wanne, wanaingia kumi na mmoja, na sufuria la biriani linachemka kwenye roshani. Hina ndiyo adui yangu mkubwa. Bibi harusi na mashoga zake wanalala na hina mbichi kwenye shuka jeupe, asubuhi shuka lina maua ya kahawia na dobi anakwambia haitoki. Sasa naweka shuka za rangi ya zambarau iliyoiva, na kando ya sinki taulo dogo jeusi lililoandikwa "vipodozi". Wewe wa hotelini haya unayajua kunishinda.

Kabla hujalipa hata shilingi, mwambie wakili (wako, si wa muuzaji) aulize mambo haya. Hati ya nyumba yako iko wapi? Kwa sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa nyumba za ghorofa, kila nyumba inapata hati yake, na wenye nyumba wanaunda shirika la kusimamia jengo. Kama anakuuzia kwa mkataba wa kizamani wa kampuni ya jengo, akueleze ni lini wataubadilisha. Kama ardhi ni ya kukodi, imebakisha miaka mingapi? Halafu omba kanuni za jengo uzisome mwenyewe, kwa sababu kuna majengo huku wenye nyumba wamekataza wageni wa usiku mmoja mmoja, na dalali hatakwambia. Tena tia na ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini. Kwa milioni 8.5 ni 340,000, na hapo hujanunua godoro.

Fundi_Baridi

Mama Salma kasema yote ila chumvi. Natengeneza AC kuanzia Nyali hadi Mtwapa. Nyumba inayoona bahari, kile kisanduku cha nje kikitazama baharini, upepo wa kusi unakimaliza: bati zinabomoka kama majivu, bomba linatoboka, gesi inatoka. Kabla ya kununua panda juu ukaangalie vya majirani vikoje. Nunua zile zenye bati lililopakwa kinga, na kila mwezi mtu akimwagie maji yasiyo na chumvi. Na uulize maji ya jengo. Kama ni ya kisima cha chumvi, mifereji na hita utabadilisha mpaka uchoke. Kama ni ya bauza (lori la maji), uliza nani analipa.

BintiKisauni

Ahsanteni sana, sikulala jana napiga hizo hesabu. Mama Salma, na dadangu akisimamia kwa bei ya udugu?

MamaSalma_Bamburi

Bei ya udugu ndiyo ghali. Mpe asilimia yake kwa maandishi, pesa za wageni ziingie kwenye akaunti yako si simu yake, na awe na mtu wa pili mwenye funguo siku akiumwa. Leseni ya kaunti na usajili wa TRA (mamlaka ya utalii ya Kenya) fanyeni kwa jina lako. Kitambulisho cha kila mgeni apige picha kabla hajampa ufunguo, hata akiwa binamu ya nani. Baada ya wale wasichana kuuawa Nairobi Januari 2024 ndani ya nyumba za Airbnb, nyumba za namna hii zinaangaliwa kwa jicho jingine, na polisi wakija watamuuliza yeye kwanza.

Ukitaka maoni yangu: kama Sacco wanataka zaidi ya 29,000 kwa mwezi, usinunue hii. Mwambie dalali milioni 7 na uone uso wake.

Kev_Majumba

Milioni 7 Bamburi mama? Labda bila mlango.

MamaSalma_Bamburi

Mlango tutaweka wenyewe.