Ekari saba Chamwino, udongo mwekundu mtupu na korongo: nianze na miche au na nini?

MamaNeema_Chamwino

Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Naomba ushauri kwa anayelijua jambo hili kwa mikono yake.

Baba mkwe ametuachia ekari saba hapa Chamwino, chini ya kilima. Tatu za chini tunalima mtama na alizeti, mavuno haba. Nne za juu ni udongo mwekundu mtupu, mgumu hadi jembe linagonga na kurudi. Mvua ikinyesha maji hayazami, yanateremka yote kwa mpigo. Korongo lilianzia kwenye njia ya ng'ombe, sasa mtu mzima akiingia linamfika kifuani, na kila mwaka linapanda kuelekea nyumba ya shemeji. Miti hakuna. Kuna vichaka vya migunga na mikole tu, mbuzi wanavila kila siku, havivuki magoti.

Nina akiba ya laki nane. Kuna kitalu mjini wananiuzia miche ya mijohoro na miarobaini. Mume wangu anataka tulifukie korongo kwa trekta halafu tupande. Mimi nasita, kwa sababu mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na ukikosea umepoteza mwaka. Mngekuwa ninyi, mngeanza na nini?

Mstaafu_Irangi

Marahaba mwanangu. Mimi ni bwana shamba mstaafu, mzaliwa wa Kondoa. Hiyo laki nane usiipeleke kitaluni.

Hivyo vichaka ndivyo msitu wako. Mgunga unaoliwa kila siku ukabaki magotini, chini una mizizi ya mti mzima, imeshafika kwenye unyevu ambao mche wa kitaluni utautafuta kwa miaka. Kazi ya kukiinua kichaka hicho kiwe mti, huko Dodoma kwenu wanaiita kisiki hai. Maradi, nchini Niger, wakulima walianza kazi hiyohiyo miaka ya 1980 pamoja na Tony Rinaudo, na leo mashamba yaliyorudiwa na miti nchini humo yanahesabiwa kwa mamilioni ya hekta. Kiangazi hiki pita kichaka kwa kichaka. Chagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine yaondoe kwa panga kali, ukikata kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike. Uliyoyaacha yapogolee matawi ya chini, usivuke nusu ya urefu wake. Funga kitambaa cha rangi, mpita njia ajue kina mwenyewe. Matawi uliyokata usiyachome hata kidogo! Yalaze juu ya udongo mtupu, yakingamane na mteremko, yatashika mchanga, majani na mbegu.

Korongo msilifukie. Udongo wa trekta ni udongo uliolegea, mvua ya kwanza itauzoa. Kinacholikuza ni maji ya zile ekari nne, basi yakamatwe hukohuko juu. Chimba makinga maji ya nusu mwezi, upana mita 5 na mita 2.5 kutoka mdomoni hadi mgongo wa upinde, mdomo ukitazama kilimani, na udongo unaotoka upange upande wa chini uwe tuta la duara. Safu inayofuata ikae kwenye mapengo ya ile ya juu yake, ili maji yanayoponyoka huku yadakwe kule. Ndani kwatua, mwaga mbegu za nyasi za asili. Mbegu hizo utazipata makaburini na kando ya barabara kuu, mahali ambapo ng'ombe hawafiki. Vibarua wa kuchimba ndiyo matumizi ya laki nane yako.

Ndani ya korongo jenga vizuizi vya mawe, vifupi na vingi. Ukuta mmoja mrefu maji yatauzunguka. Kila kizuizi kichimbiwe ndani ya kuta za pande zote mbili, katikati kiwe chini kuliko pembeni, na pale maji yanapoangukia panga mawe bapa. Nafasi kati yao usikisie: kilele cha kizuizi cha chini kiwe usawa mmoja na mguu wa kile cha juu yake. Mchanga ukijaa nyuma yake panda makonge au matete.

Haya yote hayana maana mbuzi wakiendelea kuingia. Mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973 kwa msaada wa Sweden. Matingatinga yalichora matuta milimani kwetu, miti ikapandwa, na mifugo ikaendelea kula. Mwaka 1979 ikaondolewa yote katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Nilikuwa mvulana. Ng'ombe wa ukoo wetu walihamishiwa tambarare na maziwa yakakoma nyumbani. Baada ya hapo milima ya Irangi ilijivika yenyewe, nyasi kwanza, kisha vichaka, kisha miombo, na mito ya mchanga ikaanza kusinyaa. Sehemu kubwa ya miti unayoiona ukipita Kolo hakuna aliyeipanda. Naipenda milima ile kwa moyo wote. Lakini gharama ilibebwa na familia zilizoishi kwa ng'ombe, kwani ufugaji wa zizini ulikuja kuruhusiwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo sitakuambia uwafukuze watu.

NgwanaShinyanga

Mzee shikamoo. Hapo mwisho ndipo nami ninapotaka kuongezea, maana Shinyanga ng'ombe walibaki.

Misitu yetu ilifyekwa tangu enzi za mkoloni ili kumaliza mbung'o, kisha mashamba ya pamba yakachukua kilichobaki. HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ilipoanza 1986 ilirudi kwenye ngitili za wazee, yaani malisho ya akiba. Unafunga eneo mvua zikianza, nyasi na miti vinapumua, unafungua kiangazi kikali malisho yakiwa yameisha kwingine. Ngitili zilizojulikana wakati ule zilikuwa kama hekta 600, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikavuka 300,000. Anayeingiza mifugo kabla ya wakati anashitakiwa kwenye dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, na faini analipa. Ngitili ya baba yangu haina seng'enge. Mwezi wa kumi majirani wanakuja kuomba ndama wao waingie, na kwa sababu wanajua watakuja kuomba, hawaigusi mwezi wa pili.

MamaNeema_Chamwino

Asanteni sana, nimesoma na mume wangu mara mbili. Shida yangu ni hiyo njia ya ng'ombe, inapita katikati ya ekari nne kwenda lamboni. Wenye mifugo ni majirani, na wengine ni ndugu zake. Nikiziba kwa miba wataing'oa usiku. Halafu mtu amenishauri nipande mti wa mathenge (Prosopis), eti inakua hata bila mvua?

Kerio254

Dada, mathenge usiiguse. Sisi wa Baringo, Kenya, tuliletewa miaka ya 1980 kuzuia jangwa. Sasa imefunga malisho yetu, miba yake inatoboa matairi, na maganda yake matamu yameharibu meno ya mbuzi hadi wenzetu wa jamii ya Ilchamus wakampeleka mbuzi kibogoyo mahakamani awe ushahidi. Kilichotusaidia ni nyasi za kienyeji ndani ya ua. Baada ya misimu michache unakata, unafunga marobota, unauza. Hata mbegu ina soko.

Mstaafu_Irangi

Njia ya ng'ombe usiizibe, ihamishe. Kabla hujachimba hata shimo moja, mwambie mume wako awaalike ndugu zake na majirani, mtembee wote kwa miguu kutoka juu hadi lamboni. Mchanga unaojaza lambo lao unatoka kwenye ekari zako, na wakiuona kwa macho mazungumzo yatakuwa mengine.

Wapeni njia ya pembeni, kwenye mpaka, ikate mteremko kwa kona, isishuke moja kwa moja, maana hilo ndilo lililozaa korongo. Pande zote mbili pandeni minyaa, mbuzi hawaili. Mwaka wa kwanza fungeni ekari moja tu, ile iliyo juu ya kichwa cha korongo, na mpatane nyasi zikikomaa kila mmoja anakata mzigo kwa mundu, na ndama wa nani wataingia lini. Mwenyekiti wa kitongoji awepo na maneno yaandikwe. Baadaye mkutano mkuu wa kijiji ukiridhia, yaingizwe kwenye sheria ndogo.

Fundi wa mtaani akutengenezee fremu A ya kupimia usawa, ni miti mitatu, kamba na jiwe. Ukishachora nusu mwezi za kwanza weka picha hapa, niangalie mdomo umeelekea wapi kabla vibarua hawajaanza.