Mjadala: Folda za biro zipewe herufi gani?

Fundi wa Ruashi
Wandugu, biro yetu hapa Lubumbashi inabadilisha seva, ile kompyuta inayotunza faili za wote. Kwenye Windows kila diski, flashi au folda ya seva huonekana kwa herufi yake. Nataka mashini zote zifanane: S ("shared" ya Kiingereza) iwe folda ya wote, H ("home") iwe ya mtu binafsi. Leo ukimwambia jirani "faili iko kwa G", kwake G ni flashi. Wasekretari ndio wanachanganya zaidi. Mnasemaje?

Mama Sekretari
Tunachanganya sisi? Nani aliweka P ya "personnel" (ya binafsi) ghorofa ya chini na P ya "partagé" (ya wote) ghorofa ya juu? Mwenzangu alihamishwa juu, akahifadhi orodha ya mishahara kwenye P kama alivyozoea. Kabla ya saa sita madereva walikuwa wanaisoma. Aliyelaumiwa ni yeye.

Mhasibu wa Kenya (komini ya Lubumbashi)
Mama ana haki. Halafu H inamwambia nini mtu aliyesoma kwa Kifaransa? F ya folda ya seva tumeizoea tangu enzi za Novell, ile programu ya zamani ya seva, iachwe.

Kijana wa Katuba
Papa, F ndiyo yenye hatari. Flashi huchukua herufi ya kwanza iliyo huru baada ya diski za mashini: D, E, F. Kwenye Windows XP ilikuwa inapewa F hata kama folda ya seva imeshakaa pale, basi flashi haionekani, na mtu anaitupa akidhani imekufa. Tena herufi za nini? Andikeni njia kamili, \\seva\folda, mambo yaishe.

Mhasibu wa Kenya
Hiyo "papa" yako ina dharau. Nilifunga hesabu wakati wa disketi. A na B zilikuwa zake, ndiyo maana diski ya ndani inaitwa C mpaka leo. Na hiyo \ kwenye kibodi ya AZERTY ya Kifaransa ni AltGr na 8. Mwambie mama mzee aiandike kutwa nzima.

Mama Sekretari
Mama mzee ni nani? AltGr ninaijua kabla yako. Ninachotaka kujua ni hiki: hiyo H yangu, shefu anaifungua au haifungui?

Fundi wa Ruashi
Herufi haifungi mlango, mama. Haki za kuingia zinawekwa kwenye folda yenyewe, kule kwenye seva. Anayesimamia seva anaweza kujipa ruhusa.

Kijana wa Katuba
Na ukifuta faili ya seva, usiitafute kwenye kikapu cha faili zilizofutwa cha mashini yako. Haipiti pale.

Mama Sekretari
Basi andikeni kwanza nani anaingia wapi, mbandike mlangoni. Kabla sijaiona karatasi hiyo, siweki barua hata moja ndani ya H.

Fundi wa Ruashi
Karatasi itakuwepo Jumatatu. Lakini F inaondoka.

Mhasibu wa Kenya
Inaondoka vipi? Faili zangu za Excel zinachota data za miezi yote kwa kutaja F. Nani atazifungua moja moja kuzirekebisha, wewe au mimi?