Naombeni ushauri: mdogo wangu ni mjamzito na anatumia unga (heroini)

Habari zenu ndugu zangu. Tupo Dar. Mdogo wangu wa kike ana mimba ya miezi sita na bado anavuta unga. Mama anataka tumfungie ndani mpaka aache. Nimekataa, maana akiacha ghafla, arosto (ile hali ya kuumwa mwili ukikosa unga) inaweza kuharibu mimba. Methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, inatolewa Muhimbili tangu 2011, Mwananyamala na Temeke pia ipo, na mjamzito anaruhusiwa kuitumia. Shida ni kumfikisha: kliniki alienda mara moja, akasemwa mbele za watu, sasa hataki hata kusikia. Nimshawishije? Na mliolea kichanga aliyezaliwa na arosto, usiku mlimtulizaje? Alinyonya vizuri? Mtoto nitamlea mimi, hilo nimeshaamua.